Mrejesho: utitiri kwenye beseni za funza wa kulisha kuku

Habari za leo wadau. Niliuliza hapa kuhusu vumbi la rangi ya mchanga linalotembea kwenye kingo za beseni ninazofugia funza wa pumba, wale wanaogeuka mbawakawa weusi, huku Mikindani, Mtwara. Asanteni sana, mmeniokolea mbegu.

Mdau aliyesema nilisugue kidoleni ninuse, ulipatia: lilitoa harufu kama ya mnanaa. Ni utitiri wa nafaka. Tena niwatoe hofu wafugaji wenzangu, huu si ule unaonyonya damu ya kuku. Unakula pumba na ukungu, ila ukizidi unawazonga funza, na pupa, yaani funza aliyetulia akijibadili kuwa mbawakawa, hana pa kukimbilia.

Dawa kubwa imekuwa ukavu. Hewa yetu ya baharini ina unyevu, na masika ndiyo usiseme. Nimeacha kuwapa funza papai kabisa, sasa naweka vipande vyembamba vya karoti na kuviondoa kabla havijalegea. Pumba mpya naianika juu ya bati jua la mchana, naigeuzageuza hadi iwe moto mkononi, ikipoa ndipo naitia. Funza niliwachekecha, mbawakawa nikawahamisha mmoja mmoja kwa brashi laini. Pumba ya zamani nilimwagia maji ya moto, ingawa mayai ya mbawakawa yaliyomo yaliniuma roho.

Miguu ya meza ya beseni imesimama kwenye makopo ya maji ya sabuni, utitiri usipande. Kingo ni safi, pupa wanatoa mbawakawa wazima. Beseni moja bado nimeitenga, naiangalia kila asubuhi.