Naomba ushauri: nataka kumpa mdogo wangu figo, je moja itanitosha?

DerevaWaMasafa
Wakuu, habari za usiku. Mdogo wangu figo zote mbili zimefeli. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mara anakaa kama masaa 4, na pesa imetuishia. Nimeamua kumtolea figo yangu moja. Mimi ni dereva wa lori, njia ya Tunduma. Swali langu: mwenye figo moja anaendelea na kazi za nguvu? Nisaidieni, silali.

KibokoMzee
Ngoja waje wataalamu. Ila mkuu, bia itabidi uagize nusu chupa.

MamaAbuu
Pole mwanangu. Dada yangu alikuwa na maumivu ya mgongo, akawa anameza diklofenaki asubuhi na jioni, miaka, ananunua duka la dawa bila cheti. Figo hazikumpa dalili yoyote. Anakuja kuvimba miguu, zimeshakwisha. Vijana mnameza dawa za maumivu ovyo, halafu mnakuja kulia humu.

Mchapakazi86
Inawezekana kabisa. Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa ulikuwa Boston, Desemba 1954. Ronald Herrick alimpa pacha wake figo, na yeye mtoaji akaishi hadi 2010. Siku hizi si lazima India: hospitali ya Muhimbili walianza 2017, ya Benjamin Mkapa pale Dodoma mwaka uliofuata.

SistaWodini
Nafanya kazi kitengo cha kusafisha damu. Kila figo ina vichujio vidogo, nefroni, takribani milioni moja. Figo mbili zinachuja kama lita 180 za majimaji kwa siku, karibu yote yanarudi kwenye damu, mkojo unatoka lita moja na nusu hivi. Ukitoa moja, inayobaki inatanuka na kuongeza kazi mpaka unafikia kama asilimia 70 ya uwezo wako wa mwanzo. Kwa mtu mwenye afya inatosha, na lori utaendesha ukishapona kidonda. Nasema mwenye afya. Umri? Sukari? Presha?

DerevaWaMasafa
Asante dada. Nina miaka 38. Sukari sina, sigara sivuti.

MzeeWaMizizi
Kabla ya kisu mpe juisi ya majani, nina mchanganyiko wangu. Njoo inbox.

SistaWodini
Mzee wangu, nefroni ikishakufa haioti tena. Na mgonjwa wa kusafishwa damu akijaziwa potasiamu na hizo juisi, moyo unaweza kusimama. Mleta mada, presha hujajibu.

DerevaWaMasafa
Presha ilisoma 160 kwa 100 zahanati moja huku njiani. Nilikuwa nimechoka. Jamaa yangu kanipa vidonge vya amlodipini, nameza ili siku ya vipimo isome vizuri. Jamani msinihukumu. Kikao cha familia kimeshakaa, nimeshasema ndiyo, mama amelia mbele ya watu wote. Narudi vipi nyuma?

SistaWodini
Kaka, hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe. Presha inaharibu mishipa myembamba mle ndani ya vichujio, na figo iliyoumia nayo inazidi kuipandisha. Ukibaki na moja, ukaificha presha, unaweza kuishia kitanda cha jirani na mdogo wako. Na yeye utampa figo ambayo huenda imeshaanza kuchoka. Zaidi ya hapo, daktari wa usingizi lazima ajue unameza nini.

KibokoMzee
Subirini. Hii chai. Kwenye ule uzi wa mirathi mwaka jana huyuhuyu aliandika yeye ni mtoto pekee. Mdogo katoka wapi?

Mchapakazi86
Nimeenda kuangalia, kweli aliandika. Mods fungeni uzi.

DerevaWaMasafa
Mtoto pekee kwa mama yangu, ambaye ni marehemu. Huyu ni wa baba mmoja. Mama ninayemsema ni mama wa kambo, miaka yote sikuwa mtu kwake. Siku ile kikaoni ndiyo kaniita mwanangu mara ya kwanza. Sasa mniite mwongo.

MamaAbuu
Nisamehe kwa ukali wangu wa mwanzo. Ndugu zake wa tumbo moja wamepimwa?

DerevaWaMasafa
Wapo watatu, Mwanza. Wamesema wana watoto. Hakuna aliyepimwa.

SistaWodini
Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kabisa na mgonjwa kwa tishu. Wewe wa upande mmoja kwa kawaida huvuki nusu, na hata hiyo nusu nafasi ni 1 kati ya 2. Figo hupandikizwa hata kwa nusu, lakini kuanza na wewe huku watatu hawajapimwa ni kukuonea.
Omba kuonana na daktari peke yako. Mwambie kila kitu. Akiona hufai, anaweza kuwaambia ndugu kwamba vipimo havikuruhusu, basi. Sababu ni siri yako na yake. Na huenda akaona presha inatibika, mkaongea upya. Hilo ataamua yeye kwa vipimo, si kikao.

DerevaWaMasafa
Mama atajua tu. Ila nitaenda Jumatatu kabla sijapakia. Vidonge niache leo?

SistaWodini
Usijiamulie tena. Beba na pakiti yake aione, na kama ile zahanati walikuandikia karatasi, ibebe pia.