MREJESHO: Fumbo la kutafuta maneno la 6 kwa 6

Wakuu, nirudi na mrejesho. Niliuliza jinsi ya kubana fumbo la majina ya viumbe wa baharini bila kulirahisisha, maana la kwanza nilijazia Q na X. Kwa Kiswahili ni kujichongea, macho yanaziruka papo hapo.

Nimefuata ushauri wenu: nafasi tupu nimejaza herufi za majina yenyewe, na maneno nimeyapitisha juu ya mengine. Herufi 23 za majina hayo zimeingia visanduku 19.

G P N S N I
C H A N G U
W E Z P I C
N K E H S A
G A W Z I K
P A P A N G

Tafuteni CHANGU, NGISI, PAPA, KAA na PWEZA. KAMBA ilinigomea, nikaitupa. Binti yangu alikwama kwenye PWEZA dakika nzima, kumbe anapanda juu!