Kusoma maelfu ya faili ndogo kwenye ext4: diski inakwama wapi?

Swali
Ndugu wanajukwaa, nina seva ya Linux yenye diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika, na mfumo wa faili ni ext4. Faili moja kubwa husomwa kwa kasi ya kuridhisha, lakini kutengeneza nakala rudufu ya folda yenye maelfu ya stakabadhi zilizoskaniwa huchukua usiku kucha. Nimeongeza usomaji wa mapema (readahead, yaani data ambayo mfumo husoma kabla haijaombwa) kutoka kilobaiti 128 hadi megabaiti 2, wala sikuona tofauti. Je, nihamie mfumo mwingine wa faili?

Jibu la kwanza
Kuhama ni mapema mno. Diski hiyo hukamilisha mzunguko mmoja kwa takriban milisekunde 8.3, kwa hiyo kichwa chake, hata kikishafika mahali panapotakiwa, husubiri wastani wa milisekunde 4.2 kabla data haijapita chini yake. Ukijumlisha na muda wa kichwa kuhama, unabaki na visomo mia moja hivi kwa sekunde ikiwa data imetawanyika. Usomaji wa mapema hufaa faili inayosomwa mfululizo. Faili ya kilobaiti 20 huisha kabla haujaleta faida.

Jibu la pili
Ongeza `noatime`, inayozuia kuandika muda wa kusomwa kwa kila faili, kwenye fstab (faili ya mipangilio ya diski). Tangu kiini (kernel) 2.6.30 cha mwaka 2009, Linux hutumia `relatime`, ambayo huandika upya muda wa kusomwa ikiwa uliopo umepita saa 24. Nakala ya kila usiku huangukia papo hapo, hivyo kusoma faili huzaa pia uandishi.

Jibu la tatu
Hilo litasaidia kidogo, ila mzizi wa tatizo ni mpangilio. Katika folda kubwa, ext4 hurudisha majina kwa mfuatano wa heshi (namba zinazokokotolewa kutokana na majina), usiohusiana na mahali faili zilipo, hivyo kichwa hurukaruka diski nzima. Kwa kuwa ext4 hujitahidi kuweka data karibu na inodi yake (rekodi ya taarifa za faili), zisome kwa mfuatano wa namba za inodi: `tar --sort=inode` (tar ni programu ya kufungasha faili) itakufanyia kazi hiyo.

Muulizaji
Ahsanteni. Nimejaribu kwenye folda ndogo, na mara ya pili ilimaliza papo hapo. Ni sababu ya mpangilio huo?

Jibu la tatu
Hapana, mara ya pili umesoma kutoka kwenye RAM, ambako Linux ilikuwa imehifadhi faili zilizosomwa mara ya kwanza. Kabla ya kila kipimo endesha `sync` (huandika diskini data inayosubiri), kisha, ukiwa root (msimamizi), andika 3 ndani ya `/proc/sys/vm/drop_caches` ili kuondoa akiba hiyo ya RAM, ndipo ulinganishe.