Siku mbili Mombasa na mfuko mwepesi: mlitembea wapi, mlipiga picha gani, mlikula nini? Tupeane uzoefu

KameraBegani (Nairobi)

Habari zenu wadau. Nimerudi juzi kutoka Mombasa, safari ya wikendi tu, na bado nimejaa. Kila nikiuliza watu kuhusu Mombasa naambiwa Nyali, Bamburi, Diani, hoteli na mchanga. Mimi nataka tuongelee mji wenyewe, pale kisiwani, kwa mtu mwenye siku moja au mbili, kamera au simu, na pesa ya kuhesabu. Naanza na yangu.

Nilipanda treni ya usiku. Inafika stesheni ya Miritini kungali giza, na kwa mtu wa picha hilo ni jambo jema, maana ukipata matatu ya kwenda mjini, jua linachomoza ukiwa tayari Mji wa Kale. Mji huo uko upande wa mashariki wa kisiwa, unatazama maji, kwa hiyo mwanga wa kwanza unaingia vichochoroni kutoka baharini. Nilianzia kwenye ngome ya Fort Jesus nikashika barabara ya Ndia Kuu. Kufikia saa moja asubuhi roshani za mbao zilikuwa zimeshapata jua na chini barabarani kungali kivuli cha bluu. Nilipima mwanga kwenye roshani, nikaacha kivuli kiwe kivuli. Picha ninazozipenda kuliko zote za safari nzima ni za saa hiyo: mzee anafungua duka, paka watatu kizingitini, mlango wa nakshi nusu wazi.

Kisha njaa. Nilifuata harufu ya mafuta moto hadi kwenye kijimkahawa chenye meza za plastiki, nikala mahamri na mbaazi za nazi na chai ya tangawizi. Sikufikisha shilingi mia mbili na nilishiba hadi alasiri. Mbaazi zile zilikuwa nzito, nazi imekolea, pilipili iko kwa mbali. Kwa kweli ningerudi Mombasa kwa sababu ya sahani ile peke yake.

Haya, leteni zenu. Mlipita wapi? Mlikula wapi bila kuumia?

Mwenyeji_Kibokoni

Ahlan, na ahsante kwa kuusifu mji wetu. Mimi ni wa hapa hapa Mji wa Kale, na nina la kusema kuhusu picha kabla sijafika kwenye chakula.

Hizi nyumba mnazozipiga, watu twaishi humu. Ule mlango wa nakshi ni mlango wa nyanya ya mtu. Mgeni akitoa salamu kwanza, akasimama, akauliza habari ya asubuhi, mara nyingi mwenye nyumba mwenyewe humwambia "piga tu mwanangu", na pengine humwita ndani aone na ua. Akija na lenzi ndefu kama bunduki akapiga kutoka pembeni, watu hufunga madirisha. Kina mama wenye mabuibui usiwapige bila ruhusa, hata kama rangi nyeusi kwenye ukuta mweupe yakupendeza vipi. Watoto ni hivyo hivyo: muulize mzazi. Misikiti, piga kwa nje, na wakati wa swala kaa mbali na mlango. Mnara wa Msikiti wa Mandhry, ule mweupe mnene, waonekana vizuri kutoka barabarani bila kumsumbua yeyote. Kule bandari ya zamani uliza kwanza kabla ya kutoa kamera, hapataki picha ovyo.

Na ukishampiga mtu, mtumie picha yake. Kuna kijana mmoja alikuja mwaka jana, akampiga mzee muuza kahawa barazani, kisha akaenda dukani akaichapisha na kumletea jioni ile ile. Picha ile mpaka leo imebandikwa ukutani. Kijana yule akija tena hanunui kahawa mtaa huu.

Sasa chakula. Mchana humu kumetulia, joto limewakalisha watu ndani. Njooni baada ya alasiri. Mabarazani hutoka makarai, na hapo ndipo pa viazi karai, bajia za kunde, kachori, mishikaki kwenye makaa, mkate wa mayai. Viazi karai vyataka chatini ya ukwaju, na chatini ndiyo hutofautisha karai moja na jingine. Vipi utajua pazuri? Tazama wanunuzi. Ukiona watoto wa mtaa wametumwa na vibakuli vyao kutoka nyumbani, simama hapo hapo. Watu hawatumi mtoto apite makarai mawili kufika la tatu bila sababu.

MpitaHorohoro (Tanga)

Mimi huwa naingia kwa basi, mpakani Horohoro na Lunga Lunga, kisha Likoni. Wengi wetu kutoka Tanga na Dar tunaijua Mombasa kwa kupita tu, mzigo kichwani, na ni hasara. Safari hii nililala.

Feri ya Likoni kwa mtembea kwa miguu ni bure, na ukiwa juu ya maji mandhari yanakuvuta utoe simu. Usitoe. Picha pale zimekatazwa na askari wanaangalia. Weka begini, furahia kwa macho.

Fort Jesus nendeni na kitambulisho au pasipoti, kwa sababu kiingilio cha Mkenya, cha mkazi wa Afrika Mashariki na cha mgeni wa mbali si bei moja. Mle ndani kuna kitu ambacho wapiga picha wengi wanakipita: michoro ya ukutani waliyochora Wareno, meli na watu, kwa makaa na udongo mwekundu. Wengi wanakimbilia mizinga kupiga selfi. Mimi nilisimama pale muda mrefu nikimfikiria mtu aliyekaa kwenye joto lile, mbali na kwao, akichora merikebu. Zima mwanga wa kamera, shikilia mkono vizuri, mwanga wa kawaida unatosha.

Chakula: supu ya pweza jioni, kikombe kimoja na ndimu. Mchana wali wa nazi na samaki wa kupaka, kwenye hoteli za kawaida za wafanyakazi nyuma ya barabara kuu. Ukihama mtaa mmoja tu kutoka mbele ya ngome bei inashuka na mkono wa mpishi unapanda.

Zawadi nilinunua Biashara Street, leso. Utasimama pale saa nzima unasoma majina ya leso. Waombe wakunjulie mbili tatu, mwanga wa mlangoni ni mzuri sana kwa picha ya rangi, na wengi hawakatai ukinunua.

SimuTu

Pembe za Ndovu za Moi Avenue: nendeni Jumapili asubuhi mapema. Siku za kazi utapata picha ya tuktuk na moshi. Zimesimama tangu miaka ya 1950, ni za alumini, na ukizitazama ukiwa katikati ya barabara zinafanya herufi M. Piga kutoka chini, simu karibu na ardhi. Dakika tano zinatosha, kisha ondoka, hakuna kingine pale.

KameraBegani (Nairobi)

@Mwenyeji_Kibokoni ahsante sana kwa hilo la kutuma picha. Nina namba ya yule mzee wa duka, namtumia leo.

Na mnaokwenda Mama Ngina jioni, pale kando ya bahari, pakoje siku hizi? Mimi muda haukunitosha.

MamaWawili (Voi)

Mama Ngina ndiko ninakowapeleka wanangu kila tukiteremka Mombasa, na sijaona mahali pengine panapomfurahisha mtoto kwa pesa kidogo hivyo. Palitengenezwa upya mwaka 2019, kuna njia za kutembea na sehemu za kukaa, na mibuyu mikubwa bado ipo. Hakuna kiingilio.

Tunafika kama saa kumi na nusu. Kwanza madafu, mwuzaji anakata mbele yako na kijiko cha kukombea unatengenezewa kwa ganda lenyewe. Kisha mihogo, ya kuchoma au ya kukaanga, na ndimu na pilipili ya unga. Mabuyu ya rangi na achari ya embe watoto wanajichagulia wenyewe, vidole vinakuwa vyekundu mpaka kesho. Familia nzima inakula kwa pesa ambayo kwingine ingenunua soda mbili.

Lakini sababu hasa ni meli. Njia ya kuingilia bandari ya Kilindini inapita pale pale mbele, na meli ya makontena ikija inapita karibu kiasi kwamba unaona mabaharia wanapunga mkono. Mwanangu mdogo alinyamaza kabisa, kinywa wazi, mhogo mkononi. Ile picha ninayo: mgongo wa mtoto, na nyuma yake ukuta wa chuma unaopita. Kwa wenye kamera: usipige meli peke yake, haitaonekana ukubwa. Weka mtu au mbuyu mbele.

Usalama, pana watu wengi na familia mpaka giza linapoingia, na mimi huondoka watu wanapoanza kupungua. Simu naishika, siiachi juu ya benchi.

MwanaMvita_Maskati

Nimesoma yote haya nikiwa Maskati na macho yamenijaa maji. Nilizaliwa Kuze, humo humo Mji wa Kale, niko Oman tangu ujana wangu, na kila ninaporudi huwa ni kwa muda mfupi, kwa hiyo na mimi ni mgeni wa siku chache katika mji wangu.

Mwenzetu wa Tanga amegusa ngome. Nataka niongeze, kwa sababu watoto wetu huku huuliza. Wareno waliianza mwaka 1593, mchoro ukiwa wa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira mwaka 1696 na hawakuingia mpaka Disemba 1698. Katikati ya mzingiro ule, mwaka 1697, ilizama hapo mbele ya ngome merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, na vitu vilivyotolewa kwayo vimo ndani ya makumbusho. Baadaye Waingereza waliigeuza gereza, kuanzia 1895. Ukiyajua haya kabla hujapanda juu ya boma, huwezi kupiga picha kwa haraka. Nyumba ya Waomani iliyo pembeni juu, ingia utazame mbao za dari, kisha toka usimame mahali unapoona mlango wa bahari. Ndipo utakapofahamu kwa nini kila mtu aliitaka ngome ile.

Jambo moja la wapiga picha: angalieni maji. Yakipwa, hasa siku za bamvua yanapopwa zaidi, miamba iliyo chini ya ngome huwa wazi, na kutoka huko kuta zinaonekana urefu wake wote, zimeota kwenye jiwe lenyewe. Muulizeni mvuvi yeyote saa ya kupwa, atawaambia bila kutazama kitu.

Na mkiweza, njooni Ramadhani. Mchana kuleni ndani, si njiani, ni heshima. Ikikaribia magharibi mitaa hiyo inabadilika: kaimati, vitumbua, sambusa, tambi za sukari, mkate wa sinia, sharubati ya ukwaju kwenye ndoo zenye barafu. Baada ya tarawehe watu hutoka tena, watoto wako nje mpaka usiku mwingi, na mgeni akipita hukaribishwa. Mimi nimekula futari nyumba ya watu nisiowajua, kwa sababu tu adhana ilinikuta mlangoni pao.

LenziKavu (Dar)

Nimefurahi kusoma. Kuna wapiga picha wanaosema mchana hakuna picha, na mimi napingana nao kidogo. Jua la utosini ni baya nje, kweli, ila ndani ya Marikiti, soko la mjini, na kwenye maduka ya viungo ya pembeni ndiyo saa yake. Mwanga unaingia kwa juu na milangoni, unagonga magunia ya pilipili, manjano, mdalasini, vumbi la viungo linaonekana hewani. Nunua hata iliki ya shilingi hamsini, ongea na mwenye duka, halafu uombe. Pilau masala niliyonunua pale bado naipikia.

Lingine kwa wenye kamera: ukilala chumba cha kiyoyozi, lenzi inapata ukungu ukitoka nje, na alfajiri ile ya Ndia Kuu itakupita ukifuta kioo. Mimi nazima kiyoyozi kabla ya kulala au naweka begi la kamera karibu na dirisha lililo wazi, ili lizoee joto.

Swali kwa Mwenyeji: nakuja na mke wangu mwezi ujao, tunafika Ijumaa asubuhi, tunaondoka Jumamosi jioni. Tuanze wapi?

Mwenyeji_Kibokoni

@LenziKavu karibuni sana, wewe na shemeji. Ijumaa asubuhi nendeni ngomeni na mapema, mmalize kabla ya saa sita, kwa sababu maduka mengi humu hufungwa kwa swala ya Ijumaa. Baada ya swala tafuteni biriani, siku hiyo wengi huipika. Alasiri mkapumzike Mama Ngina kama alivyosema mama wa Voi, magharibi mrudi huku kwenye makarai. Jumamosi alfajiri Ndia Kuu, mahamri, kisha Marikiti na leso za shemeji.

Mkifika Kibokoni ulizeni baraza la kahawa. Kahawa tungu na haluwa ziko juu yangu, na kamera mje nayo.