Tupeane uzoefu: geji za dashibodi kwenye magari ya zamani

Wakuu, uzi huu ni wa wenye Land Rover Series, Toyota Land Cruiser FJ40, Mini, Beetle na wenzao wa umri huo. Geji ikianza kudanganya, fundi wa kwanza utakayemkuta atataka kukuuzia geji nyingine, na kwa magari haya geji haipatikani kila duka. Tuandike yaliyotupata na tulivyoyamaliza.

Naanza. Land Rover Series III, Morogoro. Mshale wa joto ulipanda hadi kwenye nyekundu, nikaambiwa gasketi ya silinda hedi imekwenda. Lakini rejeta ilikuwa na maji, hakuna mvuke, na mshale wa mafuta nao ulionyesha tanki limejaa wakati lilikuwa nusu. Mishale miwili ikipanda pamoja, jamani, msifungue injini! Geji zote mbili zinalishwa na kidude kimoja nyuma ya dashibodi, stabilaiza ya volti 10, yaani kituliza umeme. Ndani mna kibamba cha metali mbili kilichozungushiwa waya. Kikipata moto kinajipinda na kukata umeme, kikipoa kinarudi, basi wastani unaotoka ni volti 10. Waya huo unapata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari, kupitia kopo la kidude chenyewe. Dashibodi yangu ilikuwa imepigwa rangi upya, na kopo likafungwa juu ya rangi. Ethi haikuwepo, kibamba hakipati moto, umeme wote wa betri unapita moja kwa moja. Nilipiga msasa pale linapokaa kopo mpaka chuma kikang'aa, nikakaza. Mishale ikashuka polepole, ndivyo geji hizi zinavyotembea, na ikatulia mahali pake.

Mdau wa Mombasa, FJ40:
Mkuu umenena. Kwa sisi wa FJ40, msihangaike kutafuta stabilaiza pembeni, imo ndani ya geji ya mafuta. Hiyo ikifa, ya joto nayo inakwenda. Yangu ilikuwa tofauti, mshale wa mafuta peke yake umelala kwenye E (tupu). Nilichomoa waya wa floti, boya linalopima mafuta, pale kwenye tanki, chini ya kiti cha abiria, nikaugusisha kwenye bodi mara moja tu, swichi ikiwa imewashwa. Mshale ukaenda F (limejaa). Kumbe geji na waya ni wazima! Chumvi ya huku pwani ilikuwa imekula pale tanki linaposhikana na bodi. Nimevuta waya wa ethi kutoka kwenye floti hadi kwenye bolti safi, imekwisha. Ila fungueni milango, mvuke wa petroli usikae ndani wakati mnagusisha waya.

Mdau wa Nairobi, Austin Mini:
Yangu ilinitisha zaidi, kwa sababu geji inayosema baridi wakati maji yanachemka inaua injini. Sensa ya joto ilibadilishwa ikavujisha maji kidogo, basi fundi akaizungushia ile tepu nyeupe ya mabomba, mizunguko mingi minene. Sensa hii ina waya mmoja, ethi yake ni nyuzi zake za skrubu zinazouma kwenye chuma. Tepu ikazuia. Tulitoa tepu yote, tukaweka washa (ringi bapa) ya shaba, geji ikaamka.

Mdau wa Dar, Beetle:
Wenye Beetle za 1962 hadi 1967 wasipoteze hela kwa fundi umeme. Geji ya mafuta inavutwa na kebo kutoka kwenye floti. Angalieni kebo.

Mdau wa Unguja, Land Rover Series II:
Swali kwa wakuu. Nimeona watu wanafungua kopo la stabilaiza, wanatoa kibamba na kuweka IC ya 7810, kidhibiti volti cha kielektroniki. Inafaa kwangu?

Jibu la mwanzisha uzi:
Ndugu yangu, 7810 ni nzuri na bei yake ndogo, mimi mwenyewe naipenda kuliko kibamba kilichochoka. Lakini kwanza angalia betri yako. Magari mengi ya Kiingereza ya enzi hizo yana ethi chanya, yaani nguzo ya plasi ndiyo iliyofungwa kwenye chesisi. 7810 imetengenezwa kwa ethi hasi, ukiifunga kwenye ethi chanya inaungua hapohapo. Kama yako ni plasi, tafuta kidhibiti cha upande hasi, 7910, na uangalie mpangilio wa miguu yake, haufanani na wa 7810. Chomoa betri kabla ya kuingiza mkono nyuma ya dashibodi. Tuletee majibu na picha ya nguzo za betri.