Mwanangu ana dalili za disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika), shule yataka ripoti ya tathmini. Nianzie wapi?

Mama Gredi 4, Nakuru: Jamani, kijana wangu anasoma "baba" kama "dada", lakini ukimsomea hadithi anakusimulia yote bila kuruka neno. Mwalimu wake anamwita mvivu mbele ya wenzake. Inaniuma sana. Nimeomba asaidiwe, naambiwa nilete ripoti. Naipata wapi?

Mwalimu wa elimu maalum: Pole, mama. Huyo si mvivu. Nenda ofisi ya elimu ya kaunti yako ndogo uulize kituo cha EARC, kinachofanyia tathmini watoto wenye mahitaji maalum. Mara nyingi kiko ndani ya shule ya msingi ya umma. Beba madaftari yake, hasa yenye imla, yanasema mengi kuliko ripoti za muhula. Kwanza apimwe macho na masikio. Ukiweza kufika Nairobi, KISE, taasisi ya elimu maalum kule Kasarani, pia hufanya tathmini.

Ripoti ikitoka, mwandikie mwalimu mkuu barua. Usiishie kuongea naye tu getini! Taja unachotaka: aongezewe muda, asomewe maswali, asilazimishwe kusoma kwa sauti darasani. Nakala yako igongwe muhuri.

Baba Wawili: Na ulizia mapema habari za KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi 6. Maombi ya kusaidiwa kwenye mtihani, yanayoenda KNEC (baraza la mitihani), hupitia shuleni wakati wa usajili, si wiki ya mtihani.

Mama Gredi 4, Nakuru: Asanteni. Na huyo mwalimu wa darasa?

Mwalimu wa elimu maalum: Mwombe aje kikao cha ripoti. Mkae wote watatu na mwalimu mkuu.