Timu imepanda daraja, mechi 14 pointi 9: kipi kibadilishwe kwanza?

KiungoMkabaji:
Wadau, naomba tuchambue hili kwa kina. Ligi ya timu 20, tatu za mwisho zinashuka. Timu iliyopanda msimu huu imecheza mechi 14, ina pointi 9, imefunga mabao 11 na kufungwa 29. Kocha anaendelea na mpira uleule uliowapandisha: kipa anaanzisha kwa pasi fupi, mabeki wa pembeni wote wawili wanapanda, timu inakabia juu, karibu na lango la wapinzani. Mabao mengi wanafungwa baada ya kupokonywa mpira nusu yao wenyewe, mengine kwenye kona. Dirisha dogo la usajili linakaribia na fedha zinatosha wachezaji wawili tu. Mngeanzia wapi? Na je, kumfukuza kocha kunasaidia?

BekiKisiki:
Mkuu, anza na hesabu. Watu wamezoea kusema pointi 40 zinatosha, lakini Uingereza West Ham walishuka na 42 msimu wa 2002/03, na Nottingham Forest wakabaki na 32 msimu wa 2023/24. Tuweke lengo la 38. Zimebaki mechi 24, zinahitajika pointi 29: ushindi 7, sare 8, na bado unaruhusiwa kupoteza 9. Hiyo haihitaji timu ya ajabu.

Shida ni kwamba timu inafungwa mabao mawili kwa mechi huku yenyewe haifikishi wastani wa bao moja. Kwa hali hiyo hata sare ni kazi. Kwa hiyo nyuma kwanza.

Burnley walipanda 2023 wakiwa na pointi 101 kwa mpira wa pasi fupi. Wakaendelea nao Ligi Kuu ya Uingereza, wakamaliza na 24 na kushuka. Pasi mbovu ambayo daraja la chini haikuadhibiwa, huku juu inakuwa bao.

Sisemi wautupe mpira wao wote. Beki mmoja wa pembeni apande, mwenzake abaki na mabeki wa kati, wawe watatu nyuma na kiungo mkabaji mbele yao. Kipa aanzishe fupi wapinzani wakileta watu wawili kukaba. Wakileta watatu au zaidi, apige mrefu upande mmoja unaojulikana na kila mchezaji. Hapa ndipo wengi wanakosea: kipa anapiga mrefu wakati mabeki bado wametawanyika kwenye boksi lao. Mshambuliaji anaruka peke yake, mpira wa pili, yaani unaodondoka baada ya kurukiwa, unaokotwa na wapinzani, na shambulizi linarudi timu ikiwa imekatika vipande viwili. Kabla ya kupiga, kipa asubiri mabeki wasogee, umbali kutoka beki wa mwisho hadi mshambuliaji uwe mita 30 hadi 35, na viungo wawili wasimame nyuma ya anayeruka.

NguzoYaKaribu:
Naongezea kwenye mipira ya kutenga (kona na frikiki), maana ndiyo njia ya bei nafuu kwa timu ndogo. Darmstadt walipanda Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, 2015 na kikosi cha kawaida kabisa, wakategemea sana mipira ya juu, wakamaliza wa 14 na pointi 38.

Kukaba kona: weka warukaji wako watatu bora kwenye mstari wa boksi dogo, mmoja nguzo ya karibu, mmoja katikati, mmoja nyuma yake. Hawa wanalinda eneo, hawamfuati mtu. Wengine wanne wawabane warukaji hatari wa wapinzani, si lazima wawashinde kuruka, wawazuie tu kukimbia. Wawili wabaki ukingoni mwa boksi, mmoja abaki mbele. Baadhi ya mabao ya kona huanzia mpira unaoguswa nguzo ya karibu na kumaliziwa ya mbali, kwa hiyo yule wa kwanza asiwe mchezaji mfupi anayewekwa pale kujaza nafasi tu.

Kushambulia: watano ndani, wawili ukingoni, wawili nyuma. Zichaguliwe kona tatu tu na zirudiwe mazoezini kila wiki hadi zikae.

PointiSita:
Nakubaliana na BekiKisiki, ila tusizipende sare kupita kiasi. Ushindi mmoja na vipigo viwili vinalingana na sare tatu. Ugenini kwa kigogo, 5-4-1 (mabeki watano, viungo wanne, mshambuliaji mmoja) na kukaa nyuma ni sawa. Lakini nyumbani dhidi ya timu mnayogombania nayo nafasi, ikifika dakika ya 65 bila bao, ingiza mshambuliaji wa pili na winga mwenye miguu mibichi. Pale unajipa pointi tatu na kumnyima mwenzako.

Halafu someni kanuni za ligi yenu. Uingereza timu zikilingana pointi huangaliwa tofauti ya mabao. Hispania hutangulizwa matokeo ya timu hizo zilipokutana. Penye tofauti ya mabao, ukiwa nyuma 3-0 funga milango, usikubali iwe 6-0.

MwekaHazina:
Usajili: beki wa kati mzoefu anayeongea uwanjani, na mshambuliaji anayeweza kushika mpira akiwa amebanwa ili timu ipumue. Mfungaji hodari katikati ya msimu hauzwi rahisi. Mikataba iwe na kipengele cha mshahara kupungua mkishuka.

Kocha: mara nyingi anafukuzwa baada ya kukutana na vigogo mfululizo, mrithi anapata ratiba nyepesi, watu wanasema ameleta mabadiliko. Angalia ratiba kwanza. Kama anakataa kurekebisha safu ya nyuma, aondoke kabla dirisha halijafunguliwa, ili mrithi achague wale wawili.

Na madeni yalipwe. Eibar walimaliza wa 18 Hispania 2014/15, nafasi ya kushuka, wakabaki kwa sababu Elche walishushwa kwa madeni.

KiungoMkabaji:
Shukrani wakuu. Huyo beki akipatikana kwa mkopo badala ya kununuliwa?

MwekaHazina:
Sawa, ila hakikisha mambo mawili kabla ya kusaini: klabu yake isiweze kumrudisha katikati ya mkopo, na kama ni ya ligi hiyohiyo, jua kwamba baadhi ya ligi haziruhusu acheze dhidi yao. Mechi hiyo muwe na mbadala tayari.